Ufundi wa Kumwachia Mama

Mhudumu anabisha mlango, anamsalimu mama, kisha anaketi sakafuni alipo mtoto. Ndani ya mfuko wake mna vizibo vya soda, kayamba la chupa ya plastiki na kitabu cha picha kilichotengenezwa kwa mkono.

Hivyo ndivyo kazi ilivyofanyika katika mitaa maskini ya Kingston, Jamaika, kuanzia 1986. Daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walichagua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24. Baadhi walipewa maziwa ya lishe, baadhi walitembelewa saa moja kila wiki kwa miaka 2, wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata lolote kati ya hayo. Waliowatembelea hawakuwa madaktari wala walimu. Walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, waliofundishwa kwa muda mfupi namna ya kucheza na mtoto mbele ya mama yake.

Saa moja si nyingi, lakini tazama inavyotumika. Kwanza mhudumu anauliza wiki ilikwendaje: mtoto alilipenda lile kayamba? Alilifanya nini? Anasikiliza mpaka mama amalize. Ndipo anatoa kitu kipya, kigumu kidogo kuliko kile cha wiki iliyopita, anaonyesha mara moja au mbili namna ya kutumbukiza kizibo ndani ya kopo, halafu anatulia. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mtoto akikosea, mkono wa mtu mzima huwashwa kumsaidia. Wa mhudumu unabaki mapajani. Kopo anamsogezea mama. Mama ndiye anayesema "weka ndani, toa nje", na ndiye ambaye mtoto anamgeukia kwa furaha kizibo kikiingia. Mhudumu naye anamsifu mama kwa jambo aliloliona kwa macho yake: ulimsubiri, hukumharakisha.

Ni vigumu kuliko inavyoonekana. Ajuaye zaidi hutamani kufundisha, na katika nyumba yenye dhiki mafundisho hugeuka lawama upesi. Mama aliyelaumiwa atafungua mlango wiki ijayo kwa adabu tu, na mchezo utaishia siku ile ile ya ugeni.

Kabla ya kuaga wanakubaliana mchezo utaingia wapi: wakati wa kumwogesha mtoto, wakati wa kufua. Kifaa kipya kinabaki, cha zamani kinarudi mfukoni kwenda nyumba nyingine.

Watoto wale walipofika umri wa miaka 22, waliokuwa wametembelewa walikuwa wakipata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa. Matokeo hayo yalichapishwa 2014. Maziwa peke yake hayakuacha faida ya namna hiyo.

Mtindo huo umefika Bangladesh, Kolombia na Peru. Serikali ya Peru ilipoupeleka kwa maelfu ya familia vijijini kupitia mpango wa Cuna Más, watoto walinufaika, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko Kingston. Sishangai. Vizibo na makopo hupatikana popote. Mtu anayejua kutulia mkono ukiwa mapajani hulelewa polepole, na msimamizi anayeandamana naye nyumba kwa nyumba, mwenye muda wa kumtazama akifanya kazi. Mshahara wa msimamizi huyo ningeuweka katika bajeti kabla ya kitu kingine chochote.