Bingwa Hupimwa Akishasomwa

Ukitaka kuwasha moto kijiweni, taja mabondia wako watano bora wa uzito wa juu wa nyakati zote. Mmoja atakuletea Rocky Marciano na mapambano yake 49 bila kupoteza hata moja. Wa pili atamtaja Joe Louis, aliyetetea ubingwa mara 25. Wa tatu atakuuliza kama kuna mwingine aliyeuvaa mkanda akiwa na miaka 20 kama Mike Tyson. Wote wanasema kweli, lakini hawajibizani, maana kila mmoja anapima kitu chake.

Mimi natumia kipimo kimoja. Kila bondia ana kasoro, na akikaa juu muda mrefu atatokea mtu wa kumsoma: atazitazama filamu zake, atagundua mkono unaoshuka au mguu unaochelewa, kisha atapanda ulingoni na jibu. Nataka kuona bondia huyo alifanya nini baada ya kusomwa.

Tuanze na Louis, maana kasoro yake inaonekana hata kwa macho ya kawaida. Tarehe 19 Juni 1936, uwanja wa Yankee, New York, alikuwa na miaka 22 na hajawahi kupigwa katika ngumi za kulipwa. Mpinzani wake, Max Schmeling wa Ujerumani, alikuwa bingwa wa zamani wa miaka 30 ambaye wengi walidhani ameshakwisha. Lakini Schmeling alikuwa amekaa ukumbini akimtazama Louis akimpiga Paulino Uzcudun, akazirudia na filamu, akaona jambo moja. Louis akirusha jabu, ile ngumi nyepesi ya mkono wa mbele, mkono haurudi moja kwa moja kidevuni. Unashuka kwanza usawa wa kifua, ndipo unapanda. Kwa sehemu ndogo ya sekunde shavu la kushoto linabaki wazi, na silaha kubwa ya Schmeling ilikuwa mkono wa kulia.

Siku hiyo Mjerumani alirudi nyuma nusu hatua, akaiacha jabu iishie hewani, akapitisha ngumi ya kulia juu ya mkono uliokuwa unashuka. Akarudia, akarudia tena. Raundi ya nne Louis akaenda chini. Raundi ya 12 akahesabiwa hadi kumi.

Marudiano yalikuja tarehe 22 Juni 1938, uwanja uleule, mbele ya watu wapatao 70,000, Louis akiwa sasa bingwa wa dunia. Kocha wake, Jack Blackburn, aliyekuwa bondia mwenyewe, alikuwa ameufanyia kazi mkono ule wa kushoto mazoezini. Hata hivyo dawa kamili ilikuwa kwenye umbali. Ngumi ya kulia ya Schmeling ilihitaji nafasi: nusu hatua ya kurudi nyuma na muda wa kusubiri jabu ipite. Louis alimnyima vyote viwili. Kengele ilipolia alimwendea, akamsukumia kwenye kamba, akabaki hapo. Schmeling aliponing'iniza mkono wake wa kulia juu ya kamba na kugeuza mwili, ngumi ya kulia ya Louis ilimpata ubavuni upande wa mgongo na kumvunja sehemu ya pingili ya uti. Alianguka mara tatu. Pambano lilikwisha kwa dakika 2 na sekunde 4, na mkono wa kulia uliotisha mwaka 1936 haukupata pa kufanyia kazi.

Hata kama kasoro ya Louis ingekuwa haijapona kabisa, Schmeling asingeweza kuitumia akiwa amebanwa pale kambani. Huo ni ufundi wa daraja la juu, na ndio uliombakiza Louis kwenye ubingwa hadi alipoustaafu mwaka 1949.

Muhammad Ali alikuwa na kasoro ambazo kocha yeyote angemkataza mwanafunzi wake. Aliweka mikono chini, na ngumi ikija alivuta kichwa nyuma badala ya kuinama pembeni. Miguu yake ilipokuwa na kasi, kasoro hizo hazikumgharimu kitu. Kisha akakataa kujiunga na jeshi la Marekani, akavuliwa ubingwa, akakaa nje ya ulingo tangu Machi 1967 hadi Oktoba 1970. Aliporudi, miguu ilikuwa mizito kidogo, na aliyemsoma alikuwa mwalimu anayeitwa Eddie Futch.

Futch alimsoma mara mbili. Akiwa msaidizi katika kona ya Joe Frazier, aligundua kwamba Ali akitaka kupiga ngumi ya kutokea chini kwa mkono wa kulia, huushusha mkono huo na kuacha taya wazi. Frazier akaambiwa asubiri hapohapo na ngumi yake ya kushoto ya kupinda. Tarehe 8 Machi 1971, raundi ya 15, ngumi hiyo ilimlaza Ali chali katika ukumbi wa Madison Square Garden. Miaka miwili baadaye Futch alimwandaa Ken Norton na akampa somo jingine: mkono wa kulia wa Ali hauko mahali pa kuzuia jabu, basi akirusha jabu, nawe rusha yako wakati uleule. Norton alishinda na kumvunja taya.

George Foreman akawapiga wote wawili, Frazier na Norton, kila mmoja kwa raundi mbili. Ndiyo maana alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi usiku kwa saa za Kinshasa, Ali alipopanda ulingoni kupambana na Foreman, wengi walimhurumia. Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40, ushindi 40, na 37 kati ya hayo kwa KO. Ali alikuwa na miaka 32.

Raundi ya kwanza inastahili kutazamwa polepole. Ali anaanzisha mashambulizi kwa mkono wa kulia bila kutanguliza jabu. Ngumi hiyo ina safari ndefu, na bondia mzoefu haitarajii ianze yenyewe. Foreman anazila kadhaa na kukasirika. Lakini Ali naye anagundua tatizo: Foreman amejifunza kukata kona za ulingo, kwa hiyo kila hatua moja ya Foreman inamlazimisha yeye apige mbili. Kwa hesabu hiyo asingefika raundi ya 15.

Raundi ya pili akaenda kwenye kamba kwa hiari yake, huku kocha wake Angelo Dundee akimpigia kelele kutoka kona atoke. Kamba zilikuwa zimelegea, na hapo ule mtindo wake mbaya wa kuvuta kichwa nyuma ukapata kazi: aliegemea, kiwiliwili kikatoka nje ya ulingo kidogo, na ngumi za Foreman zikapungukiwa kwa upana wa kiganja. Mikono ya chini ililinda mbavu, glavu zikakaa mashavuni. Foreman alizungusha ngumi kutoka mbali, kwa hiyo zilionekana zikija. Akisogea karibu, Ali alimshika shingo na kumkandamiza ili abebe uzito wa watu wawili. Na kila raundi ilipokaribia kuisha, Ali alipitisha ngumi zilizonyooka katikati ya mikono ile iliyotanuka, majaji wakiona vizuri. Raundi ya nane, sekunde za mwisho, Foreman akiwa amechoka hadi anajikwaa, Ali alijigeuza kutoka kambani, akapiga kulia, akainua kidevu kwa kushoto, akamaliza kwa kulia. Majaji wote watatu walikuwa tayari wamempa yeye uongozi.

Namweka Ali juu ya Louis kwa sababu hiyo. Louis alipata miaka miwili na mwalimu wa kumsahihisha. Ali alipata dakika moja ya kupumzika kati ya raundi mbili, na jibu alilopata kona yake yenyewe ililipinga. Ila Louis ana hoja moja nzito: marekebisho yake hayakumgharimu mwili. Ali aliendelea kukaa kambani na kula ngumi kwa miaka mingine saba, na deni hilo alililipa kwa afya yake.

Wa tatu ni Lennox Lewis. Oliver McCall alimwangusha London mwaka 1994 kwa ngumi ya kulia iliyopangwa na Emanuel Steward, na Lewis akamwajiri Steward huyohuyo. Hasim Rahman alimpiga Afrika Kusini Aprili 2001, na Novemba mwaka huo Lewis akajibu kwa KO ya raundi ya nne. Hakuna bondia wa kulipwa aliyepigana naye ambaye Lewis hakumshinda angalau mara moja.

Wa nne ni Foreman mwenyewe. Yule aliyejimaliza pumzi katika raundi nane Kinshasa, miaka 20 baadaye, akiwa na miaka 45, alitembea polepole, akakubali kuachwa kwa pointi, kisha akamlaza Michael Moorer raundi ya 10.

Marciano simpangi kwenye watano. Louis aliyempiga mwaka 1951 alikuwa na miaka 37, na Marciano mwenyewe alistaafu kabla hajatokea wa kumsoma. Tyson naye hayumo. Alipoachana na kocha Kevin Rooney, kichwa chake kiliacha kuyumba, na Buster Douglas akauonyesha ulimwengu mjini Tokyo mwaka 1990: jabu ndefu, na akikaribia mkumbatie. Evander Holyfield alitumia somo lilelile mwaka 1996, na marudiano yakaishia kwenye kung'ata sikio. Wahenga walisema kosa si kosa, kosa kurudia kosa.

Nafasi ya tano wengi wangempa Larry Holmes, kwa jabu yake na mara 20 alizotetea mkanda. Mimi nampa Oleksandr Usyk. Anthony Joshua alikuja Jeddah Agosti 2022 akiwa amemsoma, akashambulia mwili, na raundi ya tisa ikawa yake. Raundi ya 10 Usyk akaongeza kasi ya mikono na kulichukua pambano. Tyson Fury alipata miezi saba ya kusoma filamu ya pambano lao la kwanza la Mei 2024, akarudi Riyadh Desemba, na majaji wote watatu wakampa Usyk 116 kwa 112. Holmes aliposhindwa na Michael Spinks mwaka 1985, marudiano nayo yakampita. Kwa kipimo hiki, hiyo inatosha kumtoa.