Juu ya Maneno "Majibizano ya Risasi"

Katika taarifa za polisi na katika magazeti husomwa mara kwa mara kwamba fulani "aliuawa katika majibizano ya risasi". Maneno haya yamezoeleka hata hayamshangazi mtu. Walakini yafaa mwalimu ayapime kabla ya kuyaandika ubaoni.

Shina ni jibu, neno lenye asili ya Kiarabu. Risasi nayo ni ya huko, na kwanza ni jina la madini. Lakini kujibizana si kujibu tu. Mtoto akijibizana na mzazi wake hukanywa, maana neno lina harufu ya ugomvi: huyu asema, yule arudisha. Basi aliyelitoa kinywani akalitia katika mtutu wa bunduki alifanya kazi njema, kwa kuwa sikio husikia mlio wa huku na mlio wa kule. Kurushiana risasi ni wazi, ila hakuna sauti ile. Mapambano ni neno pana mno. Huko Chamazi timu za mpira hupambana uwanjani, wala hapana apigwaye risasi.

Shida i katika kiishio -ana. Hicho ni shahidi: chasema kwamba pande mbili zilitenda. Jioni ya tarehe 23 Agosti 2016, huko Mbande, jirani na Chamazi, askari polisi wanne waliuawa kwa risasi penye tawi la benki ya CRDB, wakati wa kubadilishana lindo. Hao waliviziwa. Kuliita tendo hilo majibizano ni kuwapunguzia wauaji nusu ya tendo lao. Siku chache baadaye risasi zilirushwa na pande zote huko Vikindu, wilaya ya Mkuranga, na afisa wa polisi akafa. Hapo neno lafaa.

Lililo zito zaidi ni la Januari 2006. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa jijini Dar es Salaam. Polisi walisema kwamba ni majambazi waliokufa katika kupigana risasi na askari. Tume ya Jaji Kipenka Mussa ikaona sivyo: hawakuwa majambazi, nao waliuawa wakiwa mikononi mwa polisi. Kiishio kimoja kilikuwa kimewapa marehemu bunduki wasizokuwa nazo.

Kwa hiyo, palipo na taarifa ya upande mmoja tu, naona heri kuandika "alipigwa risasi na polisi", na majibizano yawekwe katika alama za usemi, pamoja na jina la aliyeyasema.