Mkono Uliotoa Simu

Hapa Kangeta filamu yoyote yenye watu wa India ni ya Kihindi, basi. Mwambie mwenye banda la video kwamba hii ni ya Kitelugu, na kwamba sinema ya Hyderabad si ile ya Mumbai, atakuuliza kitu kimoja: imetafsiriwa na DJ? Tangu DJ Afro azoeshe Wakenya kusikia sinema za nje kwa Kiswahili chetu cha mtaani, tunataka sauti ya mtu wetu juu ya sauti ya waigizaji. Mara nyingi hiyo ya juu ndiyo tunayoondoka nayo.

Ndivyo nilivyoitazama Geetha Govindam, ya 2018. Ilikuwa jioni, vijana wametoka kuchuma miraa, na mimi mwanamke peke yangu kwenye benchi la nyuma. Govind, mwalimu wa chuo anayeigizwa na Vijay Deverakonda, amekaa ndani ya basi karibu na Geetha (Rashmika Mandanna). Geetha amelala. Jamaa anatoa simu apige selfi naye, basi linarushwa, midomo inagusana. Geetha anaamka amewaka, anampigia kaka yake. Muda wote unaobaki ni wa jamaa kuomba radhi na kuita "Madam, Madam" mpaka asamehewe.

Nakiri nilicheka. Na ukiiweka kando ya Arjun Reddy ya 2017, ambamo Deverakonda huyo huyo anawatangazia wanachuo wenzake kwamba msichana fulani ni wake kabla hata ya kumsikia msichana mwenyewe, Govind ni malaika. Ana haya. Anatafuta mke wa kufanana na marehemu mama yake (huo nao ni mzigo wa kumtwika mtu hujamjua, lakini tuuache).

Kinachonikera ni lile basi. Filamu inatuonyesha busu kama ajali, kisha inatuweka upande wa jamaa: maskini, anaadhibiwa kwa kosa la dereva! Lakini mkono uliotoa simu haukurushwa na basi. Picha ya mwanamke aliyelala, asiyejua, ilikuwa imeshaamuliwa kabla ya barabara mbovu. Hilo filamu inalipita haraka. DJ wetu wa jioni ile hakulipita. Aliongeza lake: "Huyu dem anajifanya tu, ngojeni." Hilo Geetha hakulisema. Banda zima likapiga makofi.

Miezi michache baadaye mdogo wangu alikuwa ndani ya matatu akitoka Maua. Msichana wa chuo, jirani yetu, alikuwa amesinzia kiti cha pembeni. Kijana akainamisha kichwa karibu na chake, akapiga picha, akaituma kwa kundi lao la WhatsApp. Kufikia jioni ilikuwa imefika kwa mama ya msichana. Nilipomuuliza mdogo wangu alikuwa anawaza nini, alinijibu bila ubaya wowote: "Kwani nimemgusa? Na hata yule Geetha si alikuja kumpenda?"

Sisemi sinema ndiyo iliyomfundisha. Kabla ya banda kulikuwa na shamba, na shambani kwetu miti ya miraa ni ya wanaume. Mama yangu ameuza majani ya migomba ya kufungia miraa miaka mingi, na hajawahi kupanda mti hata mmoja. Kijana anayekua akijua kipi chake hahitaji Hyderabad. Ila Hyderabad ilimpa jibu la kunijibu.

Na huko huko wametengeneza Pelli Choopulu, 2016, ya Tharun Bhascker. Deverakonda tena, safari hii mvivu fulani hivi, ameletwa nyumbani kwa Chitra (Ritu Varma) kumwona kama mchumba. Mlango unakwama, wanabaki wawili chumbani, na wanafanya nini? Wanapiga stori. Chitra anataka biashara ya gari la kuuza chakula. Jamaa anachopenda ni kupika. Mapenzi yanakuja polepole, katikati ya kazi, na mipango ya Chitra haitupwi.

Nilimpelekea mwenye banda kwenye flashi. Akaniuliza stelingi anampiga nani.

"Hampigi mtu. Anapika."

Alinirudishia flashi yangu.