Inkubateri za miezi mitatu na mbegu ya miaka kumi

Wandugu, tuongee kidogo juu ya inkubateri. Siku hizi neno hili liko kila mahali, Kinshasa, Lubumbashi, Goma, Bukavu. Kijana akimaliza lisanse yake na akisema iko na wazo, jibu ni moja tu: "Nenda kwenye inkubateri." Anajaza fomu, anachaguliwa, anafundishwa kuandika mpango wa biashara, anasimama mbele ya juri dakika tano, anapigwa picha na cheti mkononi. Kisha? Mara mingi tunamuona mwaka unaofuata kwenye inkubateri ingine, na wazo lile lile, na cheti cha pili.

Sisemi inkubateri ni uongo. Nasema kwamba nyingi ya zile tunazoona kwetu huku zimejengwa kwa aina moja ya biashara, alafu mwanasayansi na injinia wanaingizwa mule kwa nguvu. Hiyo njo shida ninayotaka tuitazame.

Tuanze na jina. Batavia ni mji mdogo wa jimbo la New York, Marekani. Kule kulikuwa kiwanda kikubwa cha mashine za kilimo cha Massey-Harris. Kilipofungwa, watu wengi walibaki bila kazi. Familia ya Mancuso ikanunua lile jengo, na mwaka 1959 Joseph Mancuso akaanza kulipangisha kipande kwa kipande kwa biashara ndogo, huku akiwasaidia na mashauri na njia za kupata mkopo. Mmoja wa wapangaji alikuwa mfugaji wa kuku. Mancuso akaanza kusema kwa mchezo kwamba jengo lake ni kuveze, ile mashine ya kulalia mayai. Jina likabaki.

Sisi wa agronomia tunajua kuveze. Yai la kuku linahitaji siku 21, joto la karibu digri 37 na nusu, unyevu, na kugeuzwa kila siku. Siku ya saba hivi unachungulia kila yai kwenye mwangaza, lile halina uhai unalitoa. Hakuna mfugaji anayefungua kuveze siku ya kumi juu bajeti imeisha. Na hakuna anayechanganya mayai ya kuku na ya bata mzinga kwa kalenda moja, juu bata mzinga anahitaji siku 28.

Sasa tazama vile programu nyingi zinafanya kazi. Miezi mitatu, ama sita zikiwa na ukarimu. Kipimo hiki kimetoka wapi? Kwa sehemu kubwa kimeigwa kutoka Y Combinator, iliyoanza Marekani mwaka 2005 na kundi moja la wavumbuzi kwa miezi kama mitatu. Kwa mtu wa programu za kompyuta inaeleweka. Anahitaji ordinateri, intaneti na umeme. Leo anaandika, kesho mteja anajaribu, kesho kutwa anasahihisha. Miezi mitatu kwake ni muda mrefu.

Lakini chukua mtu anayetaka kutengeneza unga wa bakteria wa kupaka kwenye mbegu ya soya, ili mmea ujipatie azoti kutoka hewani na mkulima apunguze mbolea ya kununua. Hii ni teknolojia ya juu kabisa, hata kama haina skrini. Kivu tuko na msimu A unaoanza septemba na msimu B unaoanza februari. Miezi mitatu haimalizi hata msimu moja. Na jaribio la msimu moja halitoshi, juu mvua ya mwaka huu si ya mwaka ujao, na udongo wa Kabare si wa bonde la Ruzizi. Akiwa anafanya mihogo, mavuno yenyewe yanaweza kupita mwaka. Kabla ya kuuza mbegu mpya lazima apite SENASEM, na huko wanataka matokeo ya mashamba, hawaangalii slaidi nzuri. Mtu huyu akipewa miezi mitatu, atafanya nini? Atajifunza kusema vizuri juu ya kitu ambacho bado hakipo.

Je, inawezekana kufanya ingine? Ndiyo. Mwaka 1991 Israeli ilianza programu ya inkubateri za teknolojia, wakati wanasayansi na mainjinia wengi walikuwa wanafika kutoka Umoja wa Kisovieti. Walikuwa na elimu kubwa lakini hawakujua soko. Serikali ikabeba sehemu kubwa ya gharama, mradi ukapewa karibu miaka miwili, na pesa ilirudishwa kidogo kidogo kutoka mauzo, kama mauzo yalipatikana. Yaani serikali ilikubali kwamba wazo lingine litakufa, na mvumbuzi hatabaki na deni la maisha yote. Nchi ile ni tajiri kuliko yetu, sawa. Lakini kupanga muda kulingana na kazi hakuombi utajiri.

Mfano wa karibu zaidi na mashamba yetu uko Ibadan, Nigeria, kwenye IITA, ile ile ambayo iko na kituo Kalambo, karibu na Bukavu. Watafiti wake walitengeneza Aflasafe, dawa ya kupigana na aflatoksini, sumu ya kuvu inayoharibu mahindi na karanga na kuleta kansa ya ini. Inatumia kuvu wa jamaa ile ile wasio na sumu. Unawatawanya shambani majuma mawili ama matatu mbele ya maua, wanashika nafasi ya wale wabaya. Utafiti Nigeria ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, usajili kamili ukapatikana 2014. Zaidi ya miaka kumi, wandugu! Kisha IITA haikuishia kwenye makala ya jarida. Ilijenga jukwaa lake la kulea biashara, na kiwanda kidogo palepale cha kuonyesha kwamba kazi inawezekana, alafu ikatafuta kampuni binafsi za kutengeneza na kuuza. Pamoja na hayo kukawa mradi wa AgResults uliolipa nyongeza kwa kila tani ya mahindi yaliyotunzwa kwa Aflasafe, ili wafanyabiashara wapate sababu ya kuanza. Hapo unaona vitu vitatu: labo, muda, na mnunuzi wa kwanza.

Kwa upande wa mnunuzi, Kongo iko na mfano wake. Injinia Thérèse Izay, aliyesoma ISTA Kinshasa, alijulikana dunia nzima wakati roboti zake za kuongoza magari ziliwekwa kwenye makutano ya barabara za Kinshasa mwaka 2013. Kilichomjulisha ni roboti yenyewe, imesimama juani inatumia nguvu ya jua, na madereva wanaisimamia. Mashindano ya juri yasingeweza kumpa hiyo. Injinia anahitaji mahali ambapo kitu chake kitatumiwa kweli na kuharibika kweli, ndipo atajua cha kusahihisha.

Wengine watasema: lakini sisi wenye sayansi hatujui biashara, njo maana tunafundishwa mpango wa biashara. Ni kweli kabisa, na hapa inkubateri zetu zinastahili shukrani. Agronome anaweza kukueleza bakteria kwa saa mbili bila kujua mama wa Walungu atakubali kulipa franga ngapi kwa kifuko kimoja. Anaweza kukosa kujua namna ya kusajili kampuni kwenye Gishe Inike, ama sheria za OHADA zinamtaka nini. Somo hilo ni la lazima. Lakini ni somo la majuma machache, na haliwezi kuchukua nafasi ya labo. Sasa inafanywa kinyume: mafunzo njo programu nzima, na labo kila mtu ajitafutie.

Na labo iko wapi? Otoklave inapaswa kufika digri 121 na kukaa pale. Umeme ukikatika katikati, kazi ya juma inaharibika. Kifaa kama hicho kijana hawezi kununua peke yake, lakini vijana kumi wanaweza kukitumia kwa zamu. Hapo njo inkubateri ingekuwa na maana yake ya kwanza, ile ya Batavia: kugawana kile ambacho mtu moja hawezi kubeba. Chumba chenye viti vya rangi na intaneti ya bure kinasaidia, ila hakioteshi bakteria.

Kwa nini basi hali iko hivi? Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni namna ya kuhesabu. Mfadhili anataka ripoti kwa mwaka: vijana wangapi wamefundishwa, wasichana wangapi, startapu ngapi "zimezaliwa". Hesabu hiyo inapendelea kundi kubwa na muda mfupi. Hakuna safu ya kuandika "jaribio la msimu wa pili limeshindwa, sasa tunajua kwa nini", ingawa kwa mwanasayansi hayo ni maendeleo. Nchi yetu ilipata sheria juu ya ujasiriamali na startapu tarehe 8 septemba 2022. Ni jambo zuri, lakini sheria peke yake haiwashi otoklave.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye lisanse, mbele ya kuweka saini, uliza maswali manne. Programu hii itadumu misimu mingapi ya kazi yangu? Nitapata mlango wa labo ama atelie gani, na siku ngapi kwa juma? Ni nani mnunuzi wa kwanza mtakayenikutanisha naye, akiwa na shida kweli na pesa kweli? Na wale walionitangulia miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Wakijibu vizuri mawili tu, ingia. Wakikujibu kwa picha za sherehe, bado umejua kitu.

Kwa wale wanaosimamia inkubateri, ombi langu ni dogo: chukueni watu watano badala ya hamsini, ongeeni na chuo kikuu juu ya funguo za labo, na mkae nao mpaka mavuno ya pili. Ripoti itakuwa nyembamba. Lakini kijana hatazunguka na wazo moja kwenye juri tano mpaka afike miaka thelathini na tano, alafu akaenda kuuza mkopo wa simu akiwa na bakteria zake kichwani.