Mtungi Uliorithi Mahali pa Mtungi

Mwenye kuingia katika jiko la kale la Kilwa Kivinje, lile la miti, fito na udongo lililoezekwa makuti nyuma ya nyumba, akainua macho kabla ya kuyateremsha, ataona kwamba karibu kila kitu chenye thamani kimewekwa juu: susu ya kamba inaning'inia kutoka kwenye boriti na ndani yake mna chungu cha mchuzi wa jana, uchaga uliofungwa juu ya mafiga umebeba mahindi ya mbegu na ng'onda wa akiba, kata na upawa zimechomekwa ukutani. Chini havikubaki ila mafiga yenyewe, kuni za kutwa moja, kibao cha mbuzi, na katika pembe yenye kivuli mtungi wa maji, umekaa juu ya mchanga ili upate ubaridi.

Mpango huo haukuwa wa kubahatisha. Maadui wa chakula cha mpishi wa pwani walitoka chini: panya, paka, kuku, siafu, mchwa, na mtoto anayetambaa, kwa hiyo chakula kilipandishwa. Moshi, ambao mgeni huuona kuwa karaha tu, ulikuwa mtumishi wa ghala, maana uliyakausha mahindi na kuwafukuza fukusi, kisha ukatoka wenyewe kwa upenyo ulioachwa makusudi baina ya kichwa cha ukuta na paa. Mlangoni palikuwa na kizingiti kilichoinuliwa, cha kuzuia maji ya masika na kuku wa jirani. Cheche nazo huruka juu, na kila mama alilijua hilo, ndiyo maana uchaga ulifungwa mbali na ndimi za moto, na jiko lenyewe likatengwa na nyumba, ili likiungua liungue peke yake. Kwa ufupi, ilikuwa elimu kamili ya kuhifadhi, iliyojengwa juu ya kaida moja: hatari ya moto iko juu, na panapo ubaridi chini, katika pembe, ndipo pa amani.

Kaida hiyo ndiyo ninayotaka kuichambua, kwa sababu imehamia katika majiko ya leo bila ya mtu kuihoji, na huko imegeuka kuwa hatari.

Watu wa Kilwa wana haki ya kudhani kwamba wanaijua gesi kuliko Watanzania wengine. Ilivumbuliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani mwao, mwaka 1974. Na tangu mwaka 2004 imekuwa ikipita chini ya bahari mpaka Somanga, na kutoka hapo nchi kavu mpaka Dar es Salaam, mwendo wa bomba wa kilomita 232 kwa jumla. Lakini gesi ya Songo Songo na gesi iliyomo katika mtungi unaouzwa Masoko, Nangurukuru au Lindi mjini ni vitu viwili mbalimbali, ijapokuwa jina ni moja. Ile ya chini ya bahari aghalabu ni methani, nyepesi kuliko hewa, uzito wake ukiwa kama nusu ya uzito wa hewa. Ikivuja hupanda na kutafuta upenyo wa paa, sawasawa na moshi. Hii ya mtungi ni propani na butani, huletwa kwa meli kutoka ng'ambo, na uzito wake ni baina ya mara moja na nusu na mara mbili ya hewa. Ikivuja haipandi. Huteremka, hutandaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, na hukaa. Asilimia 2 hivi ya gesi hiyo katika hewa yatosha kushika moto.

Sasa litazame lile jiko la kale kwa macho hayo mapya. Upenyo wa juu, uliotumika vizuri kwa moshi, haufai kitu kwa gesi iliyolala sakafuni. Na kile kizingiti, kilichowekwa kuzuia maji yasiingie, kinaizuia gesi isitoke, hata jiko zima likawa kama birika lisilo na mlizamu. Fauka ya hayo, chombo kipya kilipofika kilipewa jina la chombo cha zamani. Kiliitwa mtungi, na pamoja na jina kikarithi mahali: pembeni, chini, kivulini, mara nyingi kimefunikwa pazia la kanga chini ya meza ili kisiuharibu uzuri wa chumba. Sidhani kwamba ni uzembe. Ni utiifu kwa mafunzo mema ya bibi zetu, ila mafunzo hayo yalihusu maji.

Mtungi wa gesi umejaa maji ya gesi kwa kadiri ya asilimia 80, na juu yake mna nafasi ya mvuke. Unaopikia ni mvuke huo. Maadamu mtungi umesimama wima, kinachotoka ni mvuke. Ukilazwa, kama wanavyofanya wengine ili upite chini ya meza fupi, yanaweza kutoka maji yenyewe, na lita moja ya maji hayo ikipata hewa huwa lita zipatazo 250 za gesi. Hesabu hiyo ingefaa ijulikane katika kila nyumba inayopika, hasa sasa ambapo Serikali imetangaza, katika mkakati wake wa mwaka 2024 hadi 2034, azma ya kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia. Azma hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, kwani nimeona macho mekundu ya wanawake waliopuliza kuni mbichi masika yote.

Kivinje nimeliona jiko moja lililopangwa upya kwa fahamu, na kazi yake yastahili kuelezwa. Mtungi wa kilo 15 umetolewa nje, upenuni, upande usiochomwa na jua la alasiri, umesimamishwa wima juu ya matofali mawili, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani yetu hula chuma kuanzia chini, mahali ambapo jicho halifiki. Umezungushiwa kizimba cha nondo. Nalitaja hili kwa sababu hofu ya wezi ndiyo inayowafanya watu wengi waulaze mtungi wa akiba chumbani mwao, chini ya kitanda, na hakuna mahali pabaya kuliko hapo. Mpira unapita ukutani ndani ya kipande cha bomba, usikatwe na ncha ya udongo mkavu wala kutafunwa na panya, na umebanwa kwa vibano pande zote mbili. Kila mtungi unapobadilishwa, maungio hupakwa povu la sabuni: likitoa mapovu, gesi inavuja. Hawatumii kiberiti kwa uchunguzi huo, na pua peke yake hawaitegemei, kwani ingawa gesi hutiwa harufu kali makusudi, pua iliyokaa nayo muda huizoea, seuze katika jiko lenye ng'onda.

Lakini lililonivutia zaidi ni tundu. Fundi alitoboa chini kabisa ya ukuta, usawa wa sakafu, tundu la upana wa shubiri moja upande wa kusi na jingine upande wa kaskazi, akayatia wavu wa chuma kwa ajili ya nyoka. Kizingiti hakukigusa, maana masika yangali yanakuja kila mwaka. Pepo zile mbili zilizozileta jahazi Kilwa kwa karne nyingi sasa zinafagia sakafu ya jiko, kila moja katika msimu wake.

Mengine yalifuata kwa wepesi. Uchaga, ambao zamani ulikaa juu ya moto kwa sababu ya moshi, ulihamishiwa ukuta wa pili, kwa kuwa moto wa gesi hauna moshi wa kukausha kitu, na kuacha chupa za plastiki na mafuta ya kula juu ya plati ni kuvifundisha vitu vianguke motoni. Friji iliondolewa karibu na ile pembe ulipokuwa mtungi zamani. Kidude chake cha kupimia baridi kikiwaka na kuzima hutoa cheche ndogo, na cheche hiyo inatosha. Maboksi yaliyorundikwa nyuma yake, palipo joto, yalitupwa. Mafuta ya taa, yaliyokuwa katika chupa ya soda ambayo mtoto angeweza kuidhania kinywaji, yalitiwa katika dumu lenye kifuniko na kufungiwa.

Susu haikuguswa. Ingali pale pale kwenye boriti, mbali na plati, na mchuzi wa jana umo ndani yake; na katika pembe yenye kivuli, mahali palipokaliwa na gesi kwa miaka kadhaa, umerudishwa mtungi wa udongo, umejaa maji ya kunywa, na kata imelazwa juu ya kifuniko chake.