Mhakiki wa Filamu na Lugha Asiyoisikia: Kuhusu Filamu Nne za Kongo

1. Utangulizi

Kazi ya mhakiki wa filamu ni kutazama, kusikiliza, kupima na kuhukumu. Kati ya kazi hizo nne, ya pili ndiyo inayosahauliwa upesi. Filamu iliyopigwa Bukavu, Kisangani au Lubumbashi inapofika katika matamasha ya Ulaya, mhakiki huiona picha kwa macho yake mwenyewe, lakini maneno ya wahusika huyapokea kwa mkono wa mtu mwingine. Huyasoma katika maandishi ya chini, yaliyofupishwa ili yaenee katika mistari miwili. Kisha huandika tathmini yake kana kwamba ameyasikia.

Ikumbukwe kwamba jambo hili lina historia yake. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, filamu zilizoonyeshwa hadharani katika miji na vijiji vya Kongo mara nyingi ziliandamana na msemaji aliyesimama kando ya kitambaa, akiwaeleza watazamaji kwa lugha yao yale yaliyokuwa yakitendeka. Siku hizi mambo yamegeuka. Wenye kusema Kiswahili wamo ndani ya picha, na anayehitaji msemaji ni mgeni. Tofauti ni kwamba watazamaji wa zamani walimwona msemaji wao na waliweza kumcheka alipokosea, lakini mfasiri wa leo haonekani.

Makala haya yanachunguza filamu nne zilizotokea kati ya 2015 na 2023, zote zikiwa na Kiswahili ndani yake pamoja na lugha nyingine. Hoja yake ni moja: tathmini isiyojali lugha inayosemwa huweza kukosea katika mambo yaliyo kiini cha filamu yenyewe, yaani nani anashtakiwa, nani anaheshimiwa, na nani anaogopwa.

2. Nani aliyetenda? «L'homme qui répare les femmes»

Filamu hii ya Thierry Michel, Mbelgiji, ilitokea mwaka 2015. Inamhusu daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyepata tuzo ya Sakharov mwaka 2014 na baadaye tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Mwezi wa Septemba 2015 serikali ya Kongo iliikataza. Miongoni mwa sababu zilizotolewa na msemaji wa serikali ilikuwamo hii: kwamba ushuhuda wa wanawake ulipotoshwa katika tafsiri, hata jeshi la taifa likasingiziwa. Baadaye mwaka uleule marufuku iliondolewa.

Wengi walilihesabu shtaka hilo kuwa kisingizio cha kisiasa, wakaliacha hapo. Inawezekana kabisa kuwa lilikuwa kisingizio. Lakini kisingizio hakishiki pasipo na mahali pa kushika, na mahali penyewe panafahamika kwa kila mwanafunzi wa isimu. Katika Kiswahili cha Kivu na cha Katanga, kauli ya kutendwa hutumika kwa nadra. Pale ambapo msemaji wa Unguja angesema «alipigwa», msemaji wa Bukavu au wa Lubumbashi husema «balimupiga». Kiambishi hicho «ba-» huweza kutaja watu maalumu wanaojulikana; huweza pia kutomtaja mtu yeyote, tendo likaelezwa na mtendaji akaachwa gizani. Anayesikiliza hutambua maana kutokana na mazungumzo yaliyotangulia, na pengine kutokana na sauti au kituo cha msemaji.

Mfasiri wa Kifaransa hana budi kuchagua. Akiandika «ils», amewaweka watu fulani mbele ya mtazamaji. Akiandika «on», amewaondoa. Hali ni hiyohiyo kwa neno «askari». Kwa Kiswahili neno hilo humfaa mwanajeshi wa serikali, polisi, hata mlinzi wa mlangoni. Na raia aliyeona magwanda na bunduki usiku hana daima njia ya kujua amekutana na jeshi gani. Likifasiriwa «militaire», neno limekwisha kuchukua upande.

Kutokana na hayo haifuati kwamba tafsiri ya filamu hii ilikuwa mbaya, wala kwamba marufuku ilikuwa na haki. Linalofuata ni kwamba swali la tafsiri lilikuwa swali la kweli, nalo lilistahili kujibiwa na wahakiki kwa kusikiliza sentensi moja baada ya nyingine. Walioitetea filamu kwa kusifu ushujaa wake peke yake waliiachia serikali uwanja wa lugha. Kumbe wanawake wale ndio waliohitaji kutetewa hapo: kila mmoja alisema neno kwa hiari yake mbele ya kamera, na neno hilo ni lake.

3. Jina la heshima na safari ya lugha: filamu mbili za Dieudo Hamadi

Dieudo Hamadi ni mzaliwa wa Kisangani, mji ambamo Kiswahili kilichofika na misafara ya biashara katika karne ya 19 kinakutana na Kilingala kilichopanda mto pamoja na meli na jeshi. «Maman Colonelle» (2017), iliyopata tuzo kuu ya tamasha la Cinéma du Réel mjini Paris mwaka huohuo, inamfuata ofisa wa polisi, Honorine Munyole, anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kuongoza kikosi cha ulinzi wa watoto na wanawake. Huko anakutana na wanawake wenye majeraha ya vita na watoto walioteswa kwa kudhaniwa kuwa wachawi.

Jina la filamu lenyewe ni mtihani kwa mhakiki. Kwa Mfaransa, «maman» ni neno la mtoto kwa mzazi wake. Lina joto la nyumbani. Kwa hiyo msomaji wa Ulaya huona ndani ya jina hilo mgongano wa kupendeza kati ya upole na cheo cha kijeshi. Kwa Mkongomani hakuna mgongano. «Mama» ni namna ya kumwita mwanamke yeyote anayestahili heshima, awe muuzaji wa sokoni, mwalimu au mkuu wa polisi, na Kifaransa cha Kongo kimeichukua heshima hiyo na kuitia katika «maman». Mhakiki anayesifu «huruma ya kimama» ya mhusika amepunguza kitu: amemrudisha jikoni mtu ambaye watu wa Kisangani walikuwa wakimpa mamlaka yake.

Filamu ya pili, «En route pour le milliard», iliteuliwa rasmi katika tamasha la Cannes la mwaka 2020, ambalo halikuweza kufanyika kama kawaida kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Inahusu wahanga wa vita vya siku sita, kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana ndani ya mji wa Kisangani. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2005 kwamba Uganda inapaswa kuilipa Kongo fidia. Kiasi cha dola milioni 325 kilipangwa tarehe 9 Februari 2022 tu, baada ya filamu kutoka. Wahanga, wengine wakitembea kwa magongo na miguu ya bandia, wanapanda chombo kilichojaa watu na kushuka mto hadi Kinshasa kudai haki yao. Kati ya picha za safari, mtengenezaji ameingiza sehemu za mchezo wa kuigiza ambamo wahanga wenyewe wanalicheza jukwaani yale yaliyowapata.

Mto huo ni njia ya lugha pia. Kadiri chombo kinavyoshuka, Kiswahili kinaachwa nyuma na Kilingala kinatawala. Mtu anayesema Kiswahili Kinshasa hutambulika mara moja kuwa ametoka mashariki. Na tangu mwaka 1997, askari wa AFDL walipoingia mjini humo wakisema lugha hiyo, sauti yake haikuwa tena sauti tupu masikioni mwa wenyeji. Kwa hiyo kila mhanga anapofungua kinywa mjini humo, uchaguzi wa lugha ni sehemu ya madai yake. Maandishi ya chini, ambayo kwa kawaida huandika lugha zote kwa herufi za namna moja, hayamwambii mtazamaji mgeni kwamba uchaguzi huo upo. Mhakiki anaweza kusifu uvumilivu wa kamera chini ya mvua, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini umbali anaoupima ni wa maji peke yake.

4. Mlozi, mganga na «sorcier»: «Augure»

«Augure» ya Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji, ilipata tuzo ya sauti mpya katika sehemu ya «Un Certain Regard» huko Cannes mwaka 2023. Koffi anarudi kwao pamoja na mchumba wake Mbelgiji. Damu ya pua yake inamdondokea mtoto mchanga wa ndugu yake, na jamaa wanaona ndani yake uchawi. Wahakiki wengi wameisifu kwa rangi zake, mavazi yake na ndoto zake, wakaiweka upesi katika uhalisia wa mazingaombwe.

Hapa neno moja linabeba mzigo wote. Mtengenezaji ameeleza hadharani mara nyingi kwamba jina lake lilikuwa na maana ya mtu wa elimu, kisha mafundisho ya wamisionari yakaligeuza kuwa jina la mchawi. Maelezo hayo yamerudiwa katika maandiko mengi bila kuchunguzwa. Mwanaisimu atasita kidogo. Mzizi ulio katika Kiluba «muloji», wingi «baloji», ndio ulio katika Kiswahili «kuloga» na «mlozi», na maana ya kudhuru kwa siri imeenea katika lugha nyingi za Kibantu, hata zilizo mbali sana moja na nyingine. Ni vigumu kuamini kwamba maana hiyo ililetwa na wamisionari.

Walicholeta ni kingine, nacho chaweza kuwa kizito zaidi: walichanganya. Mlozi anayeua na mganga anayeponya walikuwa watu wawili wenye majina mawili. Katika vinywa vya Wazungu wote wakawa «sorcier». Hivyo msanii anasema kweli kuhusu jeraha, ingawa etimolojia yake ina mashaka. Na mtazamaji asiyejua tofauti hiyo huona katika filamu jamii inayoogopa giza tu. Anayeijua huona jamii iliyopokonywa maneno ya kutenganisha adui na tabibu. Filamu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

5. Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba Mswahili peke yake ana haki ya kuhukumu filamu yenye Kiswahili. Picha ina lugha yake, na jicho la mgeni mara nyingine huona lililozoeleka kwa mwenyeji. Tena wataalamu wa Kiswahili wana kosa lao, nalo si dogo: hulisikia neno «balimupiga» na kuhesabu makosa ya sarufi, wakakosa ushuhuda. Yule asiyesikia na huyu anayesahihisha wote wawili wamemwacha msemaji peke yake.

Yanayotakiwa ni machache. Mhakiki aseme wazi ni lugha zipi zinazosikika katika filamu, na kama amezisikia au amezisoma. Mfasiri atajwe na kazi yake ipimwe, kama inavyopimwa kazi ya mpiga picha. Maandishi ya chini yaonyeshe mahali lugha inapobadilika. Na vyuo vya Kongo, vyenye wanafunzi wanaosikia Kiswahili, Kilingala na Kifaransa kwa siku moja, vifundishe uhakiki wa filamu kwa Kiswahili. Hadi hapo, mwanamke wa Kivu atakuwa amesema mbele ya dunia nzima, na dunia itakuwa imejibu maneno ya mtu mwingine.