Neno 'Wadudu' katika Maandishi ya Afya

Kazi ya istilahi haimaliziki pale neno linapopatikana. Neno hupelekwa zahanati, shuleni na redioni, na huko ndiko thamani yake inakopimwa. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno moja litumikalo mno katika vijitabu na mabango ya kuwahimiza wananchi wajikinge na maradhi, nalo ni neno 'wadudu'.

Msomaji wa maandishi hayo huambiwa kuwa malaria huletwa na wadudu, kipindupindu huletwa na wadudu, kifua kikuu huletwa na wadudu, na kichocho kadhalika. Neno hilo hilo hutumika kwa mbu, inzi na viroboto. Hata uvimbe wa usaha katika ncha ya kidole huitwa mdudu. Zaidi ya hayo, 'dawa ya wadudu' kwa mkulima ni sumu inyunyizwayo shambani. Neno lililotwishwa mizigo yote hii linafaa katika mazungumzo, lakini haliwezi kuwa istilahi.

Huenda tukajibiwa kuwa wananchi wanalielewa. Ni kweli wanalielewa, ila wanalielewa kwa maana waliyoizoea, yaani kiumbe kidogo kionekanacho kwa macho. Tutazame mifano miwili.

Katika malaria kuna viumbe viwili. Wa kwanza ni mbu jike wa jamii ya anofelesi, aumaye aghalabu usiku. Cha pili ni kimelea kiitwacho plasmodiamu, ambacho mbu huyo hukiingiza katika damu ya mtu. Chandarua na dawa ya kupuliza ukutani humhusu mbu. Vidonge hukihusu kimelea. Bango lisemalo 'angamiza wadudu wa malaria' halielezi ni kiumbe yupi aangamizwe, wala kwa silaha ipi. Mgonjwa naye akiambiwa kuwa wadudu wamo katika damu yake, huku homa imekwisha shuka kwa vidonge vya siku ya kwanza, ana haki ya kudhani kuwa wamekwisha kufa, na vidonge vilivyosalia akaviweka kabatini.

Mfano wa kichocho ni mzito zaidi. Mayai ya kimelea hutoka pamoja na mkojo au kinyesi cha mgonjwa, huanguliwa katika maji baridi, na viluwiluwi vyake huingia katika konokono. Humo huongezeka, kisha hutoka na kumpenya mtu ngozi anapooga, anapovua au anapolima mpunga. Mwanakijiji aliyeambiwa tu kwamba 'maji yana wadudu' atayachuja kwa kitambaa kabla ya kuyanywa, naye ataona ametimiza wajibu wake. Jioni watoto wake wataogelea katika bwawa lile lile. Tusimlaumu, kwani amelitii neno kama alivyopewa.

Baadhi ya waandishi wamejaribu kuepa tatizo hili kwa kutumia 'vijidudu'. Hii ni hatua, lakini ni fupi. Neno hilo linasema kuwa kiumbe ni kidogo zaidi. Halisemi kuwa si mdudu.

Hatusemi kwamba kila neno lililopanuka maana limeharibika. Neno 'chanjo' ni ushahidi. Asili yake ni kuchanja ngozi, na ndivyo walivyofanyiwa wengi wakati wa kupambana na ndui, maradhi ambayo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kuwa yametokomezwa. Leo mtoto hudondoshewa matone ya polio kinywani, nayo pia twayaita chanjo, wala mzazi hapotei. Maana imepanuka, lakini kitendo atakiwacho mzazi ni kile kile: kumpeleka mtoto kliniki apate kinga. Kwa 'wadudu' mambo ni kinyume. Neno ni moja, ilhali vitendo ni vingi: kutundika chandarua, kumaliza dozi, kuchemsha maji, kutumia choo, kufungua madirisha.

Kwa hiyo tunapendekeza 'mdudu' abaki mbu, inzi, kiroboto na wenziwe. Kwa visababishi vya malaria na kichocho litumike 'vimelea', neno zuri lililotokana na kumea, nalo lasikika vyema katika sikio la mkulima ajuaye mmea umeao juu ya mwingine. Kwa kipindupindu na kifua kikuu litumike 'bakteria', na kwa surua 'virusi'. Pale ambapo mwandishi ahitaji jina la jumla, 'viini vya maradhi' latosha.

Maneno haya yote yamo tayari katika lugha. Hakuna linalohitaji kubuniwa. Linalohitajika ni kwamba waandikao kwa ajili ya afya ya umma wajiulize, kabla ya kupeleka kazi mtamboni: msomaji akilifuata neno hili kama lilivyo, atafanya nini? Iwapo jibu si lile alilolikusudia mganga, basi neno hilo lirekebishwe kabla halijafika kijijini.